Dakika Tisa

Saa kumi na moja alfajiri, barabara ya Spalding.
Gari letu linanuka vitunguu vya jana,
nami nauliza kama mwalimu asiyelipwa:
ndege inakwenda maili mia mbili na arobaini kwa saa,
uwanja uko maili thelathini na sita.
"Tisa," asema Nabintu, hajafumbua macho.
"Tisa nini? Mbuzi?"
"Dakika tisa, Baba."
Kipimo, mwanangu. Namba bila kipimo
ni chumvi isiyo na mchuzi.

Mwaka jana walimrudishia jibu la mistari minne:
asante, bado, jaribu tena baada ya miezi kumi na miwili.
Alilisoma amesimama, kijiko cha uji mkononi.
Hakulia. Alikiosha kijiko kile kimoja
kwa muda wa kuosha masufuria ya harusi.
Nami niliyedhani nitamshukuru Mungu kimoyomoyo
nikajikuta nimeudhika
kama niliyenyimwa mimi.

Basi tukaanza kuyatia mbolea maombi yale.
Jumatatu na Alhamisi, mbio nyuma ya kiwanda:
koni mbili, mita ishirini kati yake,
simu yangu ikilia pii, yeye akigeuka,
pii, akigeuka,
na Walithuania wa zamu ya usiku
wakimshangilia kwa lugha yao, sigara midomoni.
Jumamosi, klabu ya ndege zisizo na injini:
anasukuma mabawa ya wenzake kwenye matope kutwa nzima
ili arushwe dakika kumi na moja.
Akirudi, pua inamchuruzika,
chakula anakitazama kutoka mbali, kutoka juu.
Kadeti wake ni kumi na wanne,
na mmoja, Callum, anaogopa ngazi.
"Hilo liandike," nikamwambia. "Jinsi ulivyompandisha."
"Ni ngazi tu, Baba."
"Liandike."

Jioni moja nilishika kijitabu cha maswali ya usaili,
miwani puani, nimejifunga tai kwa mzaha.
Kwa nini urubani? Akajibu.
Kwa nini Jeshi la Anga? Akajibu, na tarehe juu yake.
Swali la kumi na saba lilikuwa fupi:
uko tayari kutumia silaha?
Nililisoma kwa sauti, na sauti ikakwama njiani.
Alijibu vizuri, kwa maneno yaliyopigwa pasi.
Nikavua tai.

"Wewe ulikuwa chini," akasema.
"Kule Kivu. Hujawahi kuniambia."
Nikamwambia machache: kwamba ndege yenyewe sikuiona,
kwamba mbuzi ndio walioanza kukimbia,
kwamba palikuwa na shamba la mihogo, halafu hapakuwa.
Akauliza, maana ndivyo nilivyomfundisha:
"Toka mliposikia mlio mpaka ikaanguka,
sekunde ngapi?"
Sikuwa na saa, mama.
Sikuwa na kipimo.

Usiku ule alifuta *tangu utotoni nimependa ndege*,
sentensi tuliyoipamba kwa wiki mbili,
akaandika nyingine mahali pake. Sijaisoma.
Niliona urefu wake tu, mistari mitatu,
na kidole chake juu ya kitufe cha kutuma,
kimetulia
kama kidole cha muuguzi kwenye mshipa wa mgonjwa.

Leo alfajiri tena. Ukungu umelalia kabichi
mpaka mwisho wa macho; nchi hii haina kilima
hata cha kujificha.
Nauliza: maili mia tatu na sitini kwa saa,
umbali maili arobaini na mbili.
Kimya. Nageuka: macho yake yako wazi,
anaitazama nyumba ya mkulima, peke yake shambani,
taa ya jikoni inawaka.
"Saba," asema. "Dakika saba."
Halafu, tukiwa tumeshaipita:
"Pale anaishi nani?"